Joka Halipimwi kwa Mizani

Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2016, watoto wanne wamejichimbia chumba cha chini ya nyumba wakicheza. Zimwi liitwalo Demogorgon limewatokea. Will, mmoja wao, anaamua kulirushia mpira wa moto. Ili ulipate, dadu yake sharti ionyeshe 13 au zaidi. Dadu inaruka, inabingirika sakafuni, haionekani. Mara mama mwenye nyumba anaingia na mchezo unavunjwa. Inapopatikana inaonyesha 7, na wenzake wanakata shauri kwamba, maadamu Mike anayesimamia mchezo hakuiona, haihesabiki. Will anatoka nje na kumwambia Mike ukweli: ilikuwa 7, zimwi limempata.

Wengi walioitazama tamthilia ile waliona hapo uaminifu wa mtoto tu. Wanaocheza michezo hii waliona na swali ambalo limewagombanisha kwa nusu karne: hatari ya kubuni, isiyomtoa mtu hata tone la damu, iwe kali kiasi gani? Na ikishakuwa kali, nani ana ruhusa ya kuilegeza?

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya mji wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin, Marekani. Hauna mshindi. Mchezaji mmoja anakuwa msimamizi: ndiye anayeieleza dunia, anayeigiza sauti za wanakijiji na kuyaendesha mazimwi. Waliobaki, kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Waliosoma fasihi simulizi shuleni wamwone msimamizi kama fanani, ila hadhira yake imeshika dadu na inaweza kumuua joka wake kabla hajamaliza kumsifia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Zimwi likiwa dhaifu, watu wanapiga miayo na kuchezea simu. Likiwa kali kupita kiasi, wahusika wote wamekwisha saa moja tangu waketi, na jioni nzima imeharibika. Vitabu vya mchezo vimejaribu kulimaliza suala hili kwa hesabu: pima nguvu za wahusika, pima nguvu za mazimwi, linganisha. Sina ugomvi na hesabu. Ninachopinga ni imani kwamba pambano likishalingana kwenye karatasi, basi limekuwa la haki. Haki ya mchezaji inategemea alichokijua kabla ya kuamua, njia alizokuwa nazo alipoamua, na yatakayomkuta akishindwa. Uzito wa zimwi unakuja baada ya hayo.

Tuchukue kisa ambacho maelfu ya watu wameanzia. Mwaka 2014 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoumiliki mchezo huu leo, ilitoa boksi la wanaoanza lenye kisa kiitwacho Lost Mine of Phandelver. Wahusika wanasindikiza gari la mizigo kutoka mji wa Neverwinter kwenda Phandalin, kijiji cha wachimba madini. Njiani wanakuta farasi wawili wamekufa, wamelala katikati ya njia, na miilini mwao imechomekwa mishale yenye manyoya meusi. Vichakani, pande zote mbili, wamejificha magoblini wanne, vijitu vifupi vyenye inda na upanga.

Goblini wa toleo lile ana pointi 7 za uhai, na pigo lake moja humtoa mtu pointi 5 au 6 kwa wastani. Mchawi anayeanza ana kama pointi 8 hivi. Mapigo mawili, yuko chini. Sasa tupige hesabu za kitabu cha msimamizi cha mwaka huohuo wa 2014. Kila goblini ana thamani ya 50, kwa hiyo wanne ni 200. Kitabu kinasema mazimwi wakiwa kuanzia 3 hadi 6, jumla izidishwe mara mbili, kwa sababu wengi hupiga mara nyingi. Tunapata 400. Na kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, 400 ndipo linapoanzia daraja la juu kabisa, lile la mapambano ya kuua. Yaani pambano la kwanza kabisa, katika boksi la watu ambao hawajui hata dadu ipi inarushwa lini, liko kwenye daraja la hatari kuliko yote kwa kipimo cha wenyewe waliolitunga.

Miaka kumi baadaye kipimo kikabadilishwa. Kitabu cha msimamizi cha 2024 kimefuta kule kuzidisha na kuacha madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Magoblini wanne bado ni 200, na 200 ndiyo bajeti ya daraja la chini kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza. Waliokuwa darini sasa wako sakafuni. Na si kwamba goblini amelainika. Katika kitabu cha mazimwi cha 2025 ana pointi 10 za uhai badala ya 7. Wahusika nao wameongezewa nguvu kidogo, ni kweli, lakini si kwa kiasi cha kuligeuza pambano la kuua kuwa la kunyosha viungo. Kilichogeuka zaidi ni karatasi.

Siwacheki waliotunga kanuni hizo, maana kazi waliyopewa haina mwisho. Hebu fikirini pambano lilelile likichezwa usiku mmoja kwenye meza mbili. Kwenye meza ya kwanza kura ya nani aanze imewaangukia magoblini. Wanapiga mara nne kabla mhusika yeyote hajainua mkono. Mchawi na mwizi wako chini, na wawili waliobaki wanapigana huku wakitazama nyuma. Kwenye meza ya pili mchawi ndiye anayeanza, na anajua dua ya usingizi. Kwa kanuni za 2014 dua hiyo huwalaza viumbe wenye jumla ya pointi za uhai inayotokana na dadu tano za pande nane, wastani wa kama 22. Magoblini watatu ni pointi 21. Wakiwa wamebanana kidogo tu, watatu wanalala fofofo, na wa nne anaona mambo yameharibika. Karatasi ni ileile, magoblini ni walewale. Meza moja inazika, nyingine inacheka.

Wapo watakaosema tatizo ni la mchezo huu mmoja. Watanielekeza kwa Pathfinder, ambayo toleo lake la pili la mwaka 2019 lina hesabu zinazoshika kwelikweli, kwa kuwa ngazi ya mhusika huongezwa karibu kwenye kila anachofanya kwa ustadi, na zimwi lililomzidi ngazi mbili tatu linamzidi kila mahali. Nakubali. Msimamizi wa mchezo ule anaweza kuliamini jedwali lake kuliko wa Dungeons & Dragons. Lakini jedwali bora kuliko zote hupima kitu kimoja: nini kitatokea pande mbili zikipigana mpaka moja iishe. Haliwezi kupima iwapo ilikuwa lazima wapigane.

Swali hilo la mwisho ndilo lililoufanya mchezo wa zamani uchezeke, pamoja na ukatili wake. Katika toleo la wanaoanza la mwaka 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay, mchawi alirusha dadu ya pande nne kupata pointi zake za uhai. Aliyepata 1 aliingia mapangoni na 1. Ikifika sifuri amekufa, hakuna rufaa. Magoblini walitokea kwa makundi ya 2 hadi 8. Ukilitazama hilo kwa jicho la mizani utasema ni machinjio. Lakini kitabu hichohicho kilimpa msimamizi dadu mbili za kurusha pale watu na mazimwi wanapokutana, ili ajue mazimwi yana nia gani: 2 ni kushambulia papo hapo, 12 ni urafiki wa furaha, na katikati kuna wasiwasi, ubishi na mashaka, yote yakiwa nafasi ya kuongea. Kulikuwa na kipimo cha ujasiri kilichoonyesha ni lini mazimwi yatatimua mbio. Na juu ya yote, kumuua goblini kulilipa pointi 5 za uzoefu, huku sarafu 100 za dhahabu ulizotoka nazo salama zikilipa 100. Mwenye akili alinyata, alihonga, alidanganya, alikimbia. Upanga ulikuwa ushahidi kwamba mpango umegoma.

Kwa hiyo wanaosema wazee walicheza mchezo mgumu, basi nasi tuwaue wahusika wetu bila huruma, wamechukua nusu ya habari. Wamebeba ukali wa mapigo, wameacha milango ya kutokea. Anayewaweka wachezaji kwenye chumba chenye mlango mmoja, mbele ya mazimwi yasiyoongea, yasiyoogopa na yasiyohongeka, kisha akajisifu kwamba meza yake ni ya wanaume, ametengeneza mtego na kuuita ugumu.

Mtego maarufu kuliko yote ni Tomb of Horrors, kaburi ambalo Gygax alilileta kwenye mashindano ya maonyesho ya michezo ya Origins mwaka 1975 na likachapishwa 1978. Humo ukutani kuna sura ya kijani ya shetani aliyeachama, na ndani ya kinywa ni giza totoro. Anayejipenyeza kinywani ametoweka moja kwa moja. Harushi dadu ya kujiokoa. Kwa miaka mingi kaburi hilo limetajwa kama mfano wa uonevu, na kwa mtu aliyeingia bila kuambiwa lolote, ni uonevu hasa. Lakini liliandikwa kwa mashindano, na kwa wachezaji waliokuwa wakijigamba kwamba wahusika wao hawashindwi na chochote. Jina lenyewe linatisha. Sakafuni pa ukumbi wa mwanzo kumefichwa ujumbe wa mafumbo kwa atakayejali kutazama. Mwenye kuingia aliingia akijua amekuja kujaribiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini ili msemo huo umpate mtu kwa haki, lazima kwanza mkuu awe amesema.

Na kusema huko si lazima kuwe kwa tangazo. Turudi kwa wale farasi wawili. Dalili ya mvua ni mawingu: mizoga katikati ya njia na mishale yenye manyoya meusi vinamwambia mchezaji kila anachohitaji kujua, kabla goblini hajavuta upinde. Anaweza kumtuma mwizi apite porini atazame. Anaweza kurudi nyuma. Anaweza kusonga mbele kichwa kichwa. Akichagua hilo la tatu na akapigwa, anajua kilichomponza. Wafiche farasi, mwache goblini atokee ghafla kwa mishale, na jedwali litasoma namba zilezile, ila mchezaji atanyanyuka mezani akinung'unika, na atakuwa na haki.

Katika kisa hichohicho kuna mfano mkubwa zaidi. Mbele kidogo ipo Thundertree, kijiji kilichogeuka mahame. Njiani kumesimikwa kibao cha mbao kinachomtaka mpita njia ageuke. Ndani anaishi mzee Reidoth, mlinzi wa misitu, anayejua nani amehamia kwenye mnara: Venomfang, joka la kijani. Joka hilo lina pointi 136 za uhai. Pumzi yake ya sumu hutoa pointi 42 kwa wastani, na anayefaulu kuikwepa bado anapata nusu. Wahusika wanaofika hapo kwa kawaida wako kama ngazi ya tatu, na mchawi wa ngazi hiyo ana pointi zisizozidi 20 na ushei. Pumzi moja inaweza kuwalaza wote. Kwa mizani yoyote ile, joka hilo halina kazi pale.

Nami nasema lina kazi kubwa. Bila joka lile, mchezaji anajifunza kwamba kila zimwi analokutana nalo limekatwa kwa kipimo chake kama suruali kwa fundi cherehani. Akilikuta, analiweza, basi apige. Akishaamini hivyo, hana sababu ya kuuliza, kupeleleza wala kuogopa. Joka la Thundertree linamrudishia sababu hizo zote. Linamwambia dunia hii haikuumbwa kwa ajili yake. Na kwa kuwa kuna mzee wa kumuuliza, mnara unaoonekana kwa mbali na njia ya kuondokea, kupanda kwenda kulichokoza ni uamuzi wake.

Nije kwenye jambo linalogawa meza nyingi: kuchakachua dadu. Msimamizi huwa na kikaratasi kigumu alichokisimamisha mbele yake, na nyuma yake hurusha dadu zisizoonwa na wengine. Goblini amepata 20, pigo la kuua, na anayeuawa ni mhusika wa binti aliyeanza kucheza leo. Msimamizi anatabasamu na kusema: amekukosa. Nani ameumia? Hata Gygax, katika mwongozo wake wa 1979, alimwachia msimamizi nafasi ya kuingilia kati kunusuru mchezo.

Huruma hiyo naielewa, lakini gharama yake hulipwa baadaye. Wachezaji si wajinga. Baada ya majuma kadhaa watagundua kwamba mapigo ya kutisha huwa yanakosa kila hali inapokuwa tete, na siku hiyo ujasiri wao wote wa nyuma unakuwa bure. Yule aliyejitoa mhanga kushika mlango wenzake wakimbie, kumbe hakujitoa chochote. Msimamizi anayetaka kuwaokoa wachezaji wake awaokoe kabla dadu haijarushwa. Ana silaha tele. Magoblini wanaweza kutaka mateka badala ya maiti. Wanaweza kugombania mzigo wenyewe kwa wenyewe. Anaweza kupunguza idadi yao kabla hawajatoka kichakani. Lakini akishatamka kwamba goblini anafyatua mshale na dadu imeanguka, aiache ionekane na aiheshimu.

Wanaoogopa ushauri huu huogopa kifo, kana kwamba kushindwa na kufa ni kitu kimoja. Kanuni zenyewe hazisemi hivyo. Kwa kanuni zilizopo tangu 2014, anayefikia sifuri hafi papo hapo, isipokuwa kwa pigo kubwa mno. Kila zamu yake hurusha dadu ya pande 20, na 10 au zaidi ni hatua kuelekea uhai. Hatua tatu, ametulia. Makosa matatu, amekufa. Hata asipoguswa na mtu, hupona kama mara 6 kati ya 10, na akiwepo kasisi karibu, hatari inapungua zaidi. Kifo kimefanywa adimu makusudi. Basi uzito wa kushindwa utafutwe kwingine.

Waliotunga kile kisa cha Phandelver walilifikiria hilo. Wameandika wazi: magoblini wakishinda, hawaui. Wanawaacha wahusika wamezimia, wanawapora, wanachukua na mzigo wa gari, wanarudi kwenye pango lao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahusika wanaamka hawana kitu, wana deni la mzigo wa watu, na wana hasira. Kisa kimesonga mbele, pengine kwa moto zaidi kuliko kama wangeshinda. Na ndani ya pango hilo yumo goblini mwingine, Yeemik, aliyemshika mateka mtu wanayemtafuta. Badala ya kupigana, anataka mapatano: wamuue bosi wake, naye atamwachia mateka. Kumwamini au kutomwamini ni hatari isiyo na pointi za uhai, na hakuna jedwali linaloipima.

Ndiyo maana lile pambano la kwanza, ambalo karatasi ya 2014 ilikuwa ikilihesabu kuwa la kuua, limeweza kuwapokea wageni wengi hivyo. Halikuokolewa na namba. Liliokolewa na farasi waliokufa, pamoja na aya fupi inayoeleza kesho ya walioshindwa.

Sisemi kifo kiondolewe. Mwaka 2018, katika kipindi cha Critical Role ambamo waigizaji wa sauti wa Marekani hucheza mbele ya kamera, mhusika Mollymauk wa Taliesin Jaffe aliuawa wakati kundi lake likiwafuata wateka watu waliowachukua wenzao. Walikuwa wachache, adui alikuwa mkali, nao waliamua kujaribu. Msimamizi, Matthew Mercer, hakukigeuza kifo kile. Watazamaji wengi waliumia, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyewatazama wahusika waliobaki kama watu wasioguswa.

Zipo pia meza ambazo hazitaki hata hayo. Watu wametoka kazini, wamechoka, wanataka kucheka na kushinda. Au ni watoto wa miaka minane na mhusika anayependwa kama mdoli. Hao nao wana haki, na mtu asiwadharau. Dawa ni kuulizana mapema, kabla hata ya kuandika majina ya wahusika: hapa kwetu mhusika anaweza kufa kwa bahati mbaya, au atakufa pale tu mwenyewe akikubali? Mkishakubaliana, mwenye kulia baadaye analia kwa jambo alilolijua.

Kwa hiyo msimamizi mgeni akiniuliza magoblini wangapi wanawatosha wahusika wanne, sitamjibu kwa namba. Nitamuuliza wachezaji wake watawajuaje magoblini kabla ya mshale wa kwanza, watatokea wapi wakiona hawawezi, na wakilala chini kisa kinaendeleaje. Akiwa na majibu, aongeze hata wawili wengine na arushe dadu hadharani. Akiwa hana, jedwali lolote atakalolifungua halitamsaidia.